Dawa ya Choa Imetoka Wapi, na Hupimwaje?

Mtoto akiota choa, wengi wetu hukimbilia krimu ya sokoni. Leo tusimulie dawa za kuvu zilivyoanza.

Mwaka 1907 daktari Mwingereza, Arthur Whitfield, alieleza marhamu ya asidi mbili. Hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Mwaka 1950 akina mama wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walitangaza nistatini, iliyotokana na vijidudu vya udongo wa shambani. Miaka ya 1970 ikaja klotrimazoli.

Lakini krimu nyingi ni nyeupe. Kwa macho hujui dawa imo kiasi gani. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wana njia hii: dawa hutolewa ndani ya krimu, huingizwa katika mrija mwembamba kama unywele, kisha umeme huivuta. Kila kemikali hufika kwa zamu yake na kupimwa. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 1992 iliunda maabara ya taifa ya kupima ubora wa dawa, jijini Nairobi.

Mama, dawa pungufu haiui kuvu. Choa huenea hadi kwa ndugu zake. Usinunue krimu isiyo na jina la dawa wala tarehe ya mwisho. Choa cha kichwani huhitaji dawa ya kumeza, kwa hiyo mpeleke mtoto zahanati.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.