Filamu na Kanda: Jinsi Mfululizo wa «Thriller» Ulivyosalia

Katika historia ya fasihi twazoea kuuliza ni nani aliyetunga, na alitunga lini. Ni mara chache tuulizapo kazi ilihifadhiwa juu ya kitu gani, ijapokuwa hilo ndilo liamualo mara nyingi kama itatufikia. Mfano mmoja wapatikana katika mfululizo wa hadithi za kutisha wa televisheni ya Marekani, uitwao Thriller.

Mfululizo huo ulionyeshwa na shirika la NBC tangu Septemba 1960 hata Aprili 1962, nao ulikuwa na hadithi 67. Kila juma walikuja wahusika wengine na mkasa mwingine. Kilichoziunganisha hadithi hizo ni uso na sauti ya Boris Karloff, Mwingereza aliyepata sifa mwaka 1931 kwa kuigiza zimwi la Frankenstein katika senema. Yeye alitokea mwanzoni, akawataja wahusika, akawaonya watazamaji, kisha akajitenga. Katika hadithi 5 aliigiza mwenyewe. Hapo awali visa vya uhalifu vilikuwa vingi. Baadaye watayarishaji wapya walizielekea hadithi za mizuka na uchawi zilizokwisha chapishwa katika majarida ya bei rahisi. Hivyo «Pigeons from Hell» ya Robert E. Howard, iliyotoka katika jarida la Weird Tales mwaka 1938, miaka 2 baada ya mwandishi kufariki, ilionekana katika televisheni mwaka 1961.

Thriller ilipigwa katika filamu isiyo na rangi. Nchini Uingereza, michezo mingi ya namna hiyo ilitiwa katika kanda za sumaku. Kanda ilikuwa ghali, tena iliweza kufutwa na kutumiwa upya. Na mapatano na waigizaji yaliwekea mipaka idadi ya marudio. Kwa hiyo nyingi zikafutwa. Late Night Horror, iliyoonyeshwa na BBC mwaka 1968, ilikuwa na hadithi 6, imesalia 1. Mystery and Imagination, ya miaka 1966 hadi 1970, ilikuwa na hadithi 24. Zilizosalia kamili ni 8.

Thriller, kinyume chake, ilitolewa nzima mwaka 2010 katika santuri 14 za DVD kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, na baadhi ya hadithi zimeambatanishwa na maelezo ya wajuzi. Faida yake kwa mtafiti si ndogo. Kazi iliyokuwa ikipita usiku mmoja na kutegemea kumbukumbu za watazamaji imekuwa matini: yaweza kusimamishwa, kurudiwa, na kulinganishwa na hadithi iliyoandikwa.

Lakini yafaa tujihadhari. Atakayeandika historia ya utanzu huu kwa kutazama santuri peke yake ataona Wamarekani wengi na Waingereza wachache, naye aweza kudhani kuwa hao walishinda kwa ustadi. Hukumu hiyo haitakuwa ya haki, maana iliyosalia haikushindanishwa na iliyofutwa. Msomi wa tenzi hatashangaa kusikia haya. Yeye ajua kwamba mchwa hawachagui miswada mibovu. Basi idadi ya kazi zilizopotea na iandikwe kando ya zile zilizopo, ili pengo lenyewe lihesabiwe kuwa sehemu ya historia.