"You" ya Kiingereza ni "vous" iliyommeza "tu"

Wandugu, sisi tuliosoma Kongo na Burundi tulifundishwa mapema: rafiki ni "tu", mkubwa ni "vous". Tukifika Nakivale tunaanza Kiingereza, tunakuta mtoto anaambiwa "you" na daktari wa Mbarara naye "you". Basi wengine wanasema Kiingereza hakina heshima. Historia inaonyesha kinyume.

Zamani Waingereza walikuwa na "thou" kwa mtu mmoja, na "ye" au "you" kwa watu wengi, sawa na wewe na ninyi. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya watawala. Kuanzia karne ya 13 hivi, Waingereza wakaiga desturi ya "vous": mkubwa mmoja anasemeshwa kama vile ni watu wengi. "Thou" ikabaki ya watoto, watumishi, marafiki wa karibu, na Mungu. Kwa hiyo ile "thou" ya Biblia ya 1611, ambayo leo inasikika ya heshima sana, maana yake ni wewe tu.

Baadaye watu waliogopa kumdharau mtu, wakazidi kusema "you" kwa kila mmoja. Katika karne ya 17 waumini wa Quaker walikataa. Walisema binadamu wote ni sawa, wakamwambia hata hakimu "thou". Wengine walipigwa juu ya hiyo. Lakini "you" ndiyo ilishinda.

Ushindi huo uliacha shimo: ukisikia "you", hujui ni mmoja au ni wengi. Kwetu si mchezo. Mama anaulizwa kwenye interview alitoka Kongo lini. Mtafsiri aseme "ulitoka" au "mlitoka"? Labda yeye alitangulia na watoto, mume akafuata baada ya mwaka. Hizo ni tarehe mbili. Ikiandikwa isiyo yake, siku nyingine ataambiwa anajipinga.

Vijana mnaotafsiri, msione haya kumuuliza afisa: "you" ni yeye peke yake au familia yote? Nanyi maafisa, semeni wazi mnamuuliza nani. Na ile heshima iliyofichwa ndani ya "you", sisi tuna mahali pa kuiweka. Usimtupie mzee "wewe" kavu. Sema: "Mzee, ulitoka lini?"