Benki ya Bujumbura Iliyouza Hisa kwa Mwaliko



Ndugu zetu, wanafunzi wakifundishwa habari za hisa hupewa mfano wa Safaricom mwaka 2008. Tangazo lilitoka, hisa moja shilingi 5 za Kenya, na watu wakapanga foleni. Ni mfano mzuri, lakini iko njia nyingine isiyo na foleni wala tangazo. Ni kama karamu ya mwaliko: asiye na kadi haingii. Mfano wake tunao hapa hapa Bujumbura.

Tarehe 6 Novemba 1985 ilianzishwa benki ya jumuiya ya biashara ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, jumuiya ambayo baadaye ikawa COMESA. Wazee wetu waliizoea kwa jina la PTA Bank. Siku hizi ni Trade and Development Bank. Makao makuu yaliwekwa mjini kwetu. Wenye hisa walikuwa serikali, Burundi ikiwemo, pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, vita vikawaka, na benki ikahamishia kazi zake Nairobi. Sisi tukabaki na jina la makao. Kazi na mishahara vikaenda.

Mtaji nao ulikuwa na shida yake. Hisa ya serikali ina thamani ya dola 22,667, lakini inayolipwa taslimu ni sehemu moja ya tano tu. Zilizobaki ni ahadi, zitalipwa zikiitwa. Ahadi inasaidia benki kuaminika, ila huwezi kumkopesha mfanyabiashara ahadi.

Ndipo katika miaka ya 2010 benki ikaleta hisa za daraja B, za dola 4,500 na ushei, zinazolipwa zote papo hapo. Hazikupelekwa kwenye soko la hisa. Benki ilizungumza na taasisi chache zinazojua kukagua vitabu: mifuko ya pensheni ya Mauritius, Shelisheli na Rwanda, kampuni za bima na kadhalika. Kila mmoja akaketi, akauliza, akatia saini. Njia hii ni ya haraka na haina gharama za matangazo. Ubaya wake, ukitaka kuuza huna soko la kukimbilia. Umtafute mnunuzi mwingine wa aina yako.

Muuza duka wa Buyenzi, hata awe na dola hizo mkononi, hapokelewi. Lakini mfanyakazi wa Shelisheli anayekatwa pensheni kila mwezi, pesa yake imo ndani ya benki hiyo, na pengine hana habari. Kwetu sisi hapo ndipo penye uzito. Asiyealikwa hakuona vitabu, na hasara ikitokea itamfikia. Basi wanaomwakilisha kwenye mfuko waulizwe maswali.

(Benki hii inakopesha kwa riba. Hukumu ya kumiliki hisa zake waulizeni masheikh. Sisi hapa tunasimulia historia.)

Benki imerudi kwetu. Leo ina makao makuu mawili, moja Mauritius na jingine Bujumbura, kwenye barabara ya Prince Louis Rwagasore.