Chumba: istilahi ya michezo ya maandishi

Katika michezo ya kompyuta inayochezwa kwa maandishi matupu, watu wengi wakiwa pamoja kwenye dunia moja, chumba ni popote ambapo mchezaji anaweza kuwapo. Msitu ni chumba. Barabara ni chumba. Ufuko wa Ziwa Singidani, usio na ukuta wala dari, nao ni chumba.

Neno hili lina asili ya mapangoni. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Will Crowther, mpenzi wa kuzuru mapango, alitunga mchezo wa maandishi uliofuata njia za pango la Mammoth kule Kentucky, na wazuru mapango huita ukumbi wa chini ya ardhi chumba. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, kisha Richard Bartle, wakiwa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walitengeneza mchezo wa namna hiyo kwa wachezaji wengi. Vyumba vikahamia humo.

Wapo watakaosema tungetumia “mahali”. Mimi nashikilia chumba. Mahali hapana wingi wake, na mwandishi wa programu anahitaji kuhesabu: vyumba kumi, vyumba mia. Zaidi ya hapo, chumba hubeba. Katika LPMud, mfumo wa kujengea michezo hiyo alioutoa Msweden Lars Pensjö mwaka 1989, chumba huandikwa kwenye faili lake: jina fupi, maelezo marefu, na njia za kutokea. Wachezaji na vitu vyao huwekwa ndani yake. Ukisema neno, wanaolisikia ni waliomo chumbani mwako tu. Kuta zake, basi, ni mipaka ya kusikia na kuona, na ufuko wa ziwa unaweza kuwa nazo.

Kazi huanza tunapotaka chumba hicho kizungumze Kiswahili. Tuseme tunaijenga Singida. Mwingereza huandika mara moja sentensi ya kutaja vilivyomo, ikamfaa kila chumba. Sisi tuna pa, ku na mu. Ndani ya tembe la Wanyaturu mchezaji asome: humu mna kibuyu cha asali. Ufukweni: hapa pana mtumbwi. Katika mashamba ya alizeti yasiyo na mwisho: huku kuna ng’ombe. Vitenzi navyo hufuata. Mgeni huingia kwenye tembe, lakini ufukweni hufika. Programu ikitangaza kwamba ameingia ufukweni, masikio yanakataa.

Kwa hiyo napendekeza kila chumba kibebe sehemu moja ya ziada, niiite kipatanishi, yenye thamani pa, ku au mu. Iwekwe kwenye chumba cha msingi, kile ambacho vingine vyote hurithi kutoka kwake, ikiwa pa hadi mwandishi aibadilishe. Vilivyomo, wanaofika na wanaoondoka vyote vitangazwe kwa kuitazama sehemu hiyo. Usahihi wa lugha ukiachiwa kila mwandishi wa chumba, dunia nzima itajaa “kuna”, na tofauti ambayo mtoto wa Kiomboi, hukohuko Singida, anaijua bila kufundishwa itapotea kwenye skrini.

Mielekeo ina shida yake ndogo. Wachezaji wa Kiingereza huandika herufi moja tu kwenda upande wowote. Kwetu kaskazini na kusini zote zinaanza na k, mashariki na magharibi na m. Herufi tatu zinatosha: kas, kus, mas, mag. Na njia za kutokea hazijirudishi zenyewe. Ziwa Singidani liko kaskazini mwa mji wa Singida na Ziwa Kindai liko kusini. Ukiandika “kas” kwenye faili la mjini, bado hujaandika “kus” kwenye faili la Singidani, na mchezaji atakwama ziwani. Hiyo huwa kosa, isipokuwa pale mwandishi anapoitaka njia ya upande mmoja, mathalani mtu anapoporomoka kwenye mteremko wa Sekenke: ashuke kwa neno moja, apande kwa kuzunguka na barabara, chumba baada ya chumba.