Seva Mezani: Safari ya Django Kuingia Kwenye Kompyuta ya Mwandishi wa Programu

Katika miaka ya mwanzo ya wavuti, programu ya tovuti iliandikwa mahali pamoja na kujaribiwa pengine. Mwaka 1993 kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha CGI, utaratibu ulioiwezesha seva kuendesha programu na kumrudishia msomaji ukurasa. Mwandishi aliandaa msimbo wake, mara nyingi kwa lugha ya Perl, akaupakia kwa FTP kwenye seva iliyokuwa mbali, akabadili ruhusa za faili, ndipo akafungua kivinjari. Nukta-mkato moja ikisahaulika, alichokiona ni kosa namba 500 tu. Maelezo ya kosa lenyewe yalikaa kwenye faili za seva ambazo pengine hakuruhusiwa hata kuzisoma.

Dawa ilikuwa kuileta seva nyumbani. Programu ya seva ya Apache ilitoka mwaka 1995, tena bure, na mwaka 1998 Michael Kunze, katika jarida la Kijerumani la c't, aliuita LAMP muungano wa Linux, Apache, MySQL na PHP. Kusakinisha vyote hivyo kimoja kimoja na kuvifanya vielewane kulikula siku. Ndiyo maana XAMPP, kifurushi kilichotolewa na Apache Friends mwaka 2002, kilipendwa haraka: mtu alibofya mara chache, akaweka faili lake ndani ya folda ya htdocs, na ukurasa ukafunguka kwenye localhost. Jina hilo, lililotengwa rasmi mwaka 1999 ili lisisajiliwe na yeyote, kwa kawaida huelekeza kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo mawasiliano yake hayatoki nje ya mashine. Kompyuta hujiuliza na kujijibu.

Viunzi, yaani msimbo ulioandaliwa tayari ili tovuti ijengwe juu yake, vilikuja na mahitaji mengine. Django ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas nchini Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wameichoka PHP na kuhamia Python, huku chumba cha habari kikitaka kurasa mpya zikamilike kwa muda wa habari, si wa wahandisi. Ilitolewa kwa umma Julai 2005, ikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt.

Mwanzoni Django iliendeshwa ndani ya Apache kwa kutumia mod_python, na msimbo ulipobadilishwa Apache ilibidi iwashwe upya. Toleo 0.90 la Novemba 2005 tayari lilikuwa na amri ya runserver: seva ndogo iliyoandikwa kwa Python, inayosikiliza kwenye poti 8000, ikichungulia faili na kujiwasha upya kila moja linapohifadhiwa. Waliozoea kusifu Django husifu ukurasa wake wa utawala. Lakini runserver ndiyo iliyomwezesha mgeni kuanza bila kuigusa Apache. Nyaraka zake hazikuacha kuonya kwamba seva hiyo si ya kuhudumia umma.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa hifadhidata. PostgreSQL na MySQL zilidai watumiaji, nywila na huduma inayojiendesha muda wote. SQLite, ambayo huhifadhi kila kitu katika faili moja, iliingizwa ndani ya Python 2.5 mwaka 2006, na kuanzia Django 1.6 ya mwaka 2013 kila mradi mpya huundwa ukiwa umeelekezwa kwayo.

Baadaye lilizuka tatizo la miradi kugombana. Tovuti ya zamani inahitaji toleo moja la Django, mpya inahitaji jingine, na zote zinaishi kwenye kompyuta moja. Kuisasisha moja ni kuivunja ya pili. Ian Bicking alitoa virtualenv mwaka 2007 na pip, chombo cha kusakinisha maktaba za Python, mwaka uliofuata, na kila mradi ukapata mazingira yake, yaani folda yake ya maktaba. Mazingira hayo yakishawashwa, jina lake hujitokeza kwenye mabano mwanzoni mwa mstari wa amri: (venv). Mabano yasipoonekana, maktaba huenda kukaa pasipotakiwa. Python 3.3 ya mwaka 2012 ilibeba venv ndani yake, na toleo 3.4 la mwaka 2014 likaongeza pip. Docker, iliyooneshwa mwaka 2013, ilikwenda mbali zaidi kwa kufungasha pamoja na mradi hata sehemu za mfumo endeshi, jambo ambalo kwa mradi wa kwanza wa mwanafunzi ni mzigo kuliko msaada.

Usakinishaji haukuwa mwepesi kwa kila mtu. Warsha za Django Girls, zilizoanzia Berlin mwaka 2014, huutengea jioni nzima kabla ya siku ya mafunzo, kwa sababu Windows, macOS na Linux kila moja ina vituko vyake. Hata hivyo Django ilifika mbali: Novemba 2023 watumiaji wake barani Afrika walikutana Zanzibar katika DjangoCon Africa ya kwanza. Kufikia wakati huo Kiswahili kilikuwa tayari miongoni mwa lugha zinazokuja ndani ya kiunzi chenyewe.

Tangu toleo 2.0 la Django la Desemba 2017, anayefaulu kusakinisha na kuwasha mradi mpya kwa runserver huona kwenye kivinjari picha ya roketi inayopaa. Lakini mwaka 2023 ushauri wa miaka mingi wa kuutengea kila mradi mazingira yake uligeuka sharti: kwenye Debian 12 na Ubuntu 23.04, anayejaribu kusakinisha Django kwa pip nje ya mazingira ya pekee hukataliwa, na ujumbe wa kosa humwelekeza kwenye venv.