Lau Mpaka Ungalipita Kwingine

Mwaka 2006 Abdourahman Waberi, mwandishi wa Jibuti, alitoa kwa Kifaransa riwaya ambayo ndani yake Afrika ni dola moja tajiri, na Ulaya ni bara la njaa na vita ambalo watu wake huhama makundi kwa makundi wakitafuta hifadhi. Yumo seremala wa Uswisi aliye mkimbizi. Yumo na binti mzaliwa wa Normandy aliyelelewa na daktari Mwafrika. Wasomaji wengi hucheka, kisha kicheko huwakauka. Msomaji wa Kasulu au Kibondo yamkini asicheke kabisa, kwani kwake mkimbizi si kiumbe cha kitabuni. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Ile ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea Warundi.

Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliitundika nchi yake angani. Alifanya vyema: nchi isiyo na ardhi haina mpaka wa kugombewa, na msomaji hubaki na kesi ya Karama peke yake. Ngano ya namna hiyo hudai haki tu. Riwaya inayoipindua historia hudai zaidi, yaani sababu. Na hapo Waberi, pamoja na ucheshi wake wote, hajishughulishi sana kueleza ulimwengu wake ulipinduka siku gani.

Buha inayo siku hiyo. Majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Kigoma mwaka 1916. Tarehe 30 Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana: Rwanda na Burundi ziende kwa Wabelgiji, Buha ibaki upande wa Waingereza. Wabelgiji wakaondoka Kigoma mwaka 1921. Mha na Mrundi, ambao husikilizana kwa lugha bila mkalimani, wakawa raia wa ng'ambo mbili. Wala isidhaniwe kwamba mstari ule haukuweza kusogea. Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda, ilikatwa wapewe Waingereza, waliotaka njia ya reli. Mfalme Musinga na Askofu Classe wakalalamika, na kufikia mwaka 1924 ikarudishwa. Kalamu iliyofuta huko ingaliweza kufuta na kwingine.

Basi lau Buha ingalibaki kwa Wabelgiji, ingalipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 chini ya mfalme wa Burundi, na watoto wa Heru wasingalisomeshwa kwa Kiswahili. Mauaji ya mwaka 1972 yalipowatoa Warundi makwao kwa makumi ya maelfu, Mha naye angalifunga mzigo wake, akashika njia ya Tabora, akabisha hodi kwa Wanyamwezi.

Au pengine sivyo. Burundi yenye Buha ndani yake ingalikuwa nchi nyingine: kubwa zaidi, yenye koo za watawala wa Heru na Muhambwe zikishindana na wana wa mfalme kule Gitega. Huenda mwaka 1972 usingalikuwa na mauaji yale. Huenda yangalikuwapo, tena mabaya zaidi. Mwandishi atakayeishika riwaya hiyo itambidi aamue jambo hili kabla ya ukurasa wa pili, maana ndilo litakaloamua nani atapanga foleni ya mgawo wa chakula, na nani atashika daftari la majina.