Tranquility, Seva Iliyokataa Kugawanywa

Tarehe 6 Mei 2003, kampuni changa ya Reykjavik iitwayo CCP ilifungua mchezo wa mtandaoni wa vita na biashara za angani, EVE Online. Kampuni ilikuwa imeanzishwa mwaka 1997, na sehemu ya fedha zake za mwanzo ilitokana na mchezo wa ubaoni, Hættuspil, uliouzwa nyumbani kwao Iceland. Nchi yenyewe wakati huo haikufikisha watu laki tatu. Wateja wangetoka ng'ambo, kwa hiyo mashine zikafungwa London na kupewa jina moja, Tranquility.

Michezo mikubwa ya aina hiyo ilikuwa na dawa moja ya msongamano, nayo ni kunakili ulimwengu. Wachezaji wakizidi, hufunguliwa seva nyingine yenye milima ileile na maadui walewale, watu wakagawanywa. Aliye kwenye seva ya kwanza hakutani kamwe na aliye kwenye ya pili. CCP walikataa njia hiyo. Ukiacha China, iliyokuja kupata seva yake, kila mchezaji, awe Moscow au Texas, angeishi katika anga moja lenye mifumo ya jua zaidi ya 5,000. Meli ikilipuliwa, imelipuliwa kwa wote. Kwa maoni yangu, shida zote na fahari zote zilizofuata zilizaliwa na uamuzi huo.

Ugumu wake ulikuwa hivi. Kila mfumo wa jua uliendeshwa na programu moja, na programu hizo ziligawanywa kwenye mashine za London. Zilikuwa zimeandikwa kwa Stackless Python, lugha inayorahisisha kushughulikia maelfu ya kazi ndogondogo, lakini isiyoweza kutumia zaidi ya kiini kimoja cha prosesa kwa wakati mmoja. Mfumo mmoja ukielemewa, viini vya jirani vinaweza kuwa vimekaa bure na visiufae kitu. Isitoshe, mchezaji mmoja akifyatua risasi, kila aliye karibu lazima aarifiwe. Meli zikiongezeka mara mbili, taarifa za kupelekwa huongezeka mara nne.

Wafanyabiashara ndio waliolihisi jambo hili mapema. Bila amri ya mtu yeyote, walianza kukusanyika kwenye mfumo uitwao Jita, kwa sababu muuzaji huenda aliko mnunuzi. Jita ikageuka soko kuu la anga zima, ikatengewa mashine yake, na bado ikaelemewa. Mwaka 2008 mafundi waliandika upya sehemu ya programu inayopokea na kutuma taarifa, kisha wakahamia mfumo wa biti 64 ili kuvuka ukomo wa gigabaiti 4 za kumbukumbu. Nyuma ya yote hayo ilikuwapo hifadhidata moja tu, iliyoandika kila sarafu na kila skrubu ya kila mtu. Diski za kuzunguka zilishindwa kuendana na kasi yake, wakaweka RamSan, hifadhi ya elektroniki ya Texas Memory Systems, wakati ambapo teknolojia hiyo ilikuwa ghali na nadra.

Kila siku, saa tano asubuhi kwa saa za Iceland, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa nane mchana, ulimwengu mzima ulizimwa kwa matengenezo na kuwashwa tena. Mwanzoni kazi hiyo ilichukua hadi saa nzima. Kadiri miaka ilivyopita muda wake ulifupishwa. Majemadari wa mchezo walijifunza kupanga mashambulizi wakiitazama saa hiyo. CCP nao waliweka utaratibu wa kupewa taarifa mapema: ukijua utapigana kesho mahali fulani, unawaambia, na mfumo huo unahamishiwa mashine yenye nguvu zaidi wakati wa kuzima.

Vita visivyopangwa havikuwa na bahati hiyo, navyo ndivyo vilivyowasukuma mafundi kwenye wazo ninaloliona kubwa kuliko yote. Tangu mwanzoni mwa 2012, seva ikizidiwa haiangushi amri za wachezaji. Inapunguza mwendo wa muda wenyewe, hadi asilimia 10 ya kawaida. Silaha inayohitaji sekunde 6 kujijaza inachukua dakika nzima. Kwenye kona ya kioo mchezaji anaoneshwa muda unaenda kwa asilimia ngapi. Mambo yanakwenda polepole, lakini yanakwenda kwa haki: aliyefyatua kwanza anahesabiwa kwanza.

Kipimo chake kikubwa kilikuja Januari 2014. Katika mfumo wa B-R5RB, malipo ya kumiliki eneo hayakulipwa, na mlinzi akapoteza haki ya mahali alipoegesha silaha zake kuu. Wapinzani wakaingia mara moja, kila upande ukaita wenzake. Wachezaji 7,548 walishiriki. Vita vilidumu saa 21, karibu muda wote mwendo ukiwa asilimia 10, yaani kama saa mbili tu za kawaida. Meli 75 za aina ya Titan, kubwa kuliko zote, ziliangamia, na hasara ilikadiriwa kuzidi dola 300,000. Seva haikuanguka.

Mapema 2016 Tranquility iliwekewa mitambo mipya. Mara tu nafasi ilipoongezeka, wachezaji waliijaza. Oktoba 2020, katika FWST-8, watu 6,557 walikuwa vitani kwa wakati mmoja, idadi iliyoandikwa na Guinness kuwa rekodi. Siku za mwisho za mwaka huohuo, huko M2-XFE, Titan 257 ziliteketezwa katika pambano moja.

Siku chache baadaye, Januari 2021, washambuliaji wa pambano hilo walijaribu kurudi M2-XFE wakati watetezi wakiwa tayari wamekaa humo kwa maelfu. Safari hii mashine zilishindwa. Kumwingiza rubani mpya ni kazi nzito kuliko kumtunza aliyekwisha kuingia, kwa kuwa lazima apelekewe kila kitu kilichopo, na kila aliyepo apelekewe habari zake. Wengi walikwama mlangoni wakiona kioo cheusi. Baadhi yao meli zao zililipuliwa kabla hawajaona adui, na nyingine zilibaki zimenaswa ndani huku watetezi wakizizingira kwa majuma. Agosti 2021 washambuliaji waliondoka Delve, eneo lenye M2-XFE, bila kuiteka ngome kuu ya 1DQ1-A. Watetezi walikuwa wameielewa vizuri tabia ya seva ile: aliyetangulia kuingia ndiye anayesimama pazuri, na mgeni ndiye anayebeba mzigo wa kupakiwa.